Modeli inahesabu ng'ombe vibaya kwenye video ya droni: dalili na vyanzo vyake

Umerusha droni, video iko kwenye kadi, YOLO (modeli inayotafuta vitu kwenye picha na kuvichorea visanduku) inakubali kwenda kwenye kompyuta yako, lakini hesabu inayotoka hailingani na kundi uliloliona kwa macho. Wengi tukifika hapo hukimbilia kufundisha modeli upya. Nakusihi usianzie huko. Nimehesabu mifugo kwenye malisho ya Longido na Kajiado vya kutosha kujua kwamba makosa mengi huingia kabla modeli haijaona chochote: kwenye kadi, kwenye urefu wa kuruka, kwenye shata (kilango cha kamera kinachoamua mwanga uingie muda gani), kwenye namna fremu inavyopunguzwa. Hesabu hizi ndizo zinazoamua dozi ngapi za chanjo zipakiwe kwenye sanduku la barafu. Dozi zikipungua, kuna mfugaji aliyetembeza ng'ombe tangu alfajiri atakayerudishwa nyumbani. Kwa hiyo tafuta chanzo kwanza, tena kwa mpangilio.

Anza na fremu moja

Toa fremu moja ya katikati ya video kwa programu ya FFmpeg, ihifadhi kama PNG, ifungue kwa ukubwa wake kamili uitazame. Usitosheke na kutazama video inavyocheza, kwa sababu jicho likiona mwendo hujazia lenyewe kisichokuwepo, na modeli inayosoma fremu mojamoja haina msaada huo.

Majani yamekuwa mabaka laini, kama yaliyopakwa kwa brashi? Video imebanwa. Mara nyingi ni ile iliyopitia WhatsApp, au iliyorekodiwa kwenye simu ya rubani badala ya kadi ya droni. Rudi kwenye kadi. Mbuzi aliyefutwa na mbano harudishwi na mpangilio wowote wa modeli.

Fremu ni ya kijivu au nyeusi? Huenda video imebanwa kwa mtindo wa H.265 na OpenCV (maktaba ya kusoma picha na video) uliyosakinisha haiwezi kuifungua. Igeuze kwa FFmpeg iwe H.264 ya ubora wa juu, ujaribu tena.

Shuka nyekundu ya morani inaonekana ya buluu kwenye picha unayoipa modeli? OpenCV husoma rangi kwa mfuatano wa buluu, kijani, nyekundu, na modeli nyingi hungoja kinyume chake (YOLO ya Ultralytics ni tofauti: picha ya OpenCV ukiipa moja kwa moja huigeuza yenyewe). Mstari mmoja wa cvtColor, amri ya OpenCV ya kugeuza rangi, unatosha. Hili likague kila unapoandika msimbo mpya, kwa sababu halitoi ujumbe wowote wa kosa. Kazi inaendelea kama kawaida, ila ng'ombe wekundu wanapungua uhakika mmoja baada ya mwingine hadi wanashuka chini ya kizingiti, yaani kiwango cha chini cha uhakika kinachokubaliwa.

Inaona gari, haioni mbuzi

Dalili yenyewe iko hivi: gari la mradi linapata kisanduku, ng'ombe wakubwa wanapata mara mojamoja, mbuzi na kondoo hawapo kabisa. Chanzo karibu kila mara ni ukubwa wa mnyama kwa pikseli, na unaweza kulithibitisha hilo kwa kalamu na karatasi.

Chukua droni yenye kihisi cha upana wa milimita 13.2 na lenzi ya milimita 8.8. Gawanya cha kwanza kwa cha pili, unapata 1.5. Maana yake, ikiwa juu mita 100 na kamera inatazama chini wima, picha inafunika upana wa mita 150 ardhini. Video ya 4K inayotumia upana wote wa kihisi ina pikseli 3840 kwenye upana huo, kwa hiyo pikseli moja ni sentimita 3.9. Ng'ombe wa mita 2 toka pua hadi mkia anapata pikseli 51, mbuzi wa mita 1 anapata 26. Hapo bado wanaonekana vizuri. Lakini YOLO ya Ultralytics, usipoiambia vingine, huipunguza fremu hadi pikseli 640 kwa upana, yaani mara 6. Ng'ombe wako sasa ana pikseli 8 na nusu, mbuzi ana 4 na kitu. Kwenye seti ya picha iitwayo COCO, ambayo ndiyo iliyofundisha modeli nyingi za kupakua, chochote kilicho chini ya eneo la pikseli 32 kwa 32 huitwa kitu kidogo. Gridi laini kuliko zote ndani ya YOLO ya kawaida ina vyumba vya pikseli 8. Mbuzi wako anachukua nusu ya chumba.

Dawa ni kukata fremu vipande na kumpa modeli kila kipande kwa ukubwa wake halisi. Maktaba ya SAHI inafanya kazi hiyo na kuunganisha majibu. Vipande vya 640 kwa 640 vinavyolaliana kwa asilimia 20 vinatoa 8 kwa upana na 4 kwa kimo, jumla 32 kwa kila fremu. Usipunguze huko kulaliana ili kuokoa muda. Kuwe kukubwa kuliko mnyama mkubwa uliye naye, la sivyo ng'ombe aliyekatwa na mpaka atahesabiwa kichwa huku na kiuno kule.

Gharama yake ni muda. Video ya dakika 10 kwa fremu 30 kwa sekunde ina fremu 18,000. Zidisha kwa 32, vipande 576,000. Bila GPU (kichakataji cha picha) utaiacha kompyuta usiku kucha na asubuhi uikute bado inahangaika. Kama unatafuta ng'ombe tu, jaribu kwanza kuweka imgsz (upana ambao fremu hupunguzwa kufikia) 1920 bila kukata: ng'ombe anabaki na pikseli 25, na hizo hutosha ikiwa modeli ilifundishwa kwa ukubwa huohuo. Kwa mbuzi, kata, au shuka hadi mita 60 ambapo mbuzi anapata pikseli 43. Ukizidi kushuka, kundi huinua vichwa na kutawanyika, na mchungaji akikuambia uondoe mdudu wako, ana haki.

Ukishakata na bado hawaonekani, chanzo ni pembe. COCO ina aina ya ng'ombe, lakini ng'ombe wengi wa humo wamepigwa picha na mtu aliyesimama ardhini: wana uso, wana miguu minne. Wa kwako ni mgongo, nundu na pembe mbili. VisDrone, seti maarufu ya video na picha za droni zilizopigwa katika miji 14 ya China, ina aina 10, zote watu na vyombo vya usafiri. Mfugo hata mmoja hayumo. KABR, seti nyingine ya video za droni, iliyorekodiwa Mpala huko Laikipia Januari 2023, ina twiga na punda milia kwenye mandhari yetu hasa, na naipenda kwa hilo, ila kamera yake inatazama kwa ubavu zaidi kuliko wima. Zote zinasaidia kuipa modeli mwanzo mzuri. Lebo za ng'ombe wako, juu ya udongo wako, utaziweka mwenyewe.

Hesabu imezidi mara tatu

Hili ndilo lililonifunza kuliko yote. Bomani kwa mzee mmoja nilichakata video ya dakika 4 nikampa jibu: 211. Alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Kijana wangu, hao wengine wamelala kwa nani?" Ng'ombe wake walikuwa 64, na aliwajua mmoja mmoja kwa rangi na kwa pembe.

Nilikuwa nimejumlisha namba za utambulisho zilizogawiwa na kifuatiliaji, programu inayomfuata kila mnyama kutoka fremu moja hadi nyingine. Kila ng'ombe aliyepotea sekunde mbili akarudi, alirudi na namba mpya, na kwangu akawa ng'ombe mpya. Kagua hivi: chora namba juu ya visanduku, mchague ng'ombe mmoja mwenye rangi ya pekee, mtazame sekunde 20. Namba yake ikibadilika, tatizo liko kwenye ufuatiliaji, na kuifundisha modeli upya hakutasaidia.

Namba hubadilika kwa sababu kuu mbili, na ya kwanza ni droni yenyewe kutembea. Vifuatiliaji vya familia ya SORT, ByteTrack ikiwemo, huunganisha kisanduku cha fremu hii na cha fremu iliyopita kwa kuangalia vinalaliana kiasi gani. Ng'ombe akitazamwa kutoka juu ni mwembamba: sentimita 60, pikseli 15 tu. Droni ikienda mita 5 kwa sekunde, kati ya fremu mbili za video ya 30 picha nzima inasogea pikseli 4. Ng'ombe aliyesimama kukingama njia ya droni bado analaliana na kisanduku chake cha fremu iliyopita kwa zaidi ya nusu. Sasa wewe, kwa kuokoa muda, umechukua fremu moja katika kila 5. Picha inasogea pikseli 21, ng'ombe ana upana wa 15. Hakuna kulaliana hata kidogo. Kichujio cha Kalman hujaribu kukisia aendako, lakini hakiwezi kukisia mwendo ambacho hakijauona, na kila ng'ombe anapoingia kwenye picha anaanza bila historia. Droni ikigeuka kichwa ni vibaya zaidi: nyuzi 10 kwa sekunde zinawasogeza walio pembeni mwa fremu pikseli zaidi ya 300 kila sekunde, huku wa katikati wakiwa wametulia.

Kwa hiyo, ondoa mwendo wa kamera kwanza. Kifuatiliaji cha BoT-SORT kina hatua hiyo ndani yake, hakikisha imewashwa. Ukiandika mwenyewe kwa OpenCV, tafuta alama za ardhini kwenye fremu mbili kwa njia ya ORB, ziunganishe, kokotoa homografia (kanuni ya kuhamisha nukta za fremu moja hadi nyingine) kwa RANSAC, njia inayotupa alama zilizounganishwa vibaya, kisha peleka visanduku vya zamani kwenye fremu mpya kabla ya kulinganisha. Ziba maeneo yenye wanyama wakati wa kutafuta alama. Nimeona kundi kubwa likitembea upande mmoja likaiaminisha programu kwamba ardhi ndiyo inayotembea. Na kumbuka homografia huchukulia kwamba ardhi ni bapa. Kwenye mteremko au penye migunga mirefu italegea kidogo.

Sababu ya pili ni mti. Kifuatiliaji hukumbuka aliyepotea kwa fremu 30 kwa kawaida, yaani sekunde 1. Ng'ombe anayepita polepole chini ya mgunga wenye mwavuli wa mita 5 anahitaji sekunde 5 au zaidi. Pandisha track_buffer, mpangilio wa kumbukumbu hiyo, hadi 200. Mara nyingine ng'ombe wawili watabadilishana namba chini ya mti, na kwa kazi ya kuhesabu hilo halidhuru.

Na kama nafasi ya kuchagua unayo, usilihesabu kundi likiwa limetawanyika malishoni. Asubuhi ng'ombe hutoka bomani kwa lango la miiba, wawili watatu kwa wakati. Pandisha droni mbali kidogo, isogeze taratibu ikiwa tayari juu, itulize mita 60 juu ya lango na kamera wima. Chora mstari kwenye picha hatua chache nje ya lango, hesabu wanaouvuka kwenda nje, toa wanaorudi. Kwa imgsz 1280 ng'ombe ana pikseli 28 bila kukata kipande chochote, na kamera haitembei. Wazee wenyewe huhesabu wakiwa wamesimama langoni. Nilipohamia hapo, hesabu yangu na ya mzee yule zilikutana. Wakati wa kiangazi vumbi linaweza kuwaziba wa mwisho, kwa hiyo kaa upande ambao upepo unalisukuma mbali na mstari, na ndama wanaoachwa ndani wahesabu kando.

Penye birika la maji wanapungua

Kinyume cha hilo hutokea wanapobanana. Wakiwa wametengana hesabu iko sawa. Wakifika kwenye birika na kusimama ubavu kwa ubavu, thuluthi inapotea.

Kisanduku cha kawaida kina pande zilizonyooka na picha. Ng'ombe wa pikseli 51 kwa 15 aliyesimama mshazari anahitaji kisanduku cha 47 kwa 47, karibu mara tatu ya eneo la mwili wake. Wawili wakigusana mbavu, visanduku vyao vinalaliana kwa karibu asilimia 60. Sasa SAHI, kwa mpangilio wake wa kawaida, huunganisha visanduku viwili ikiwa sehemu wanayoshirikiana inazidi nusu ya kilicho kidogo. Imewafanya ng'ombe wawili kuwa mmoja, na haikukosea kwa kanuni iliyopewa. Badili njia ya kuunganisha iwe NMS (hubakiza kisanduku chenye uhakika zaidi na kufuta vinavyokirudia) kwa kipimo cha IOU (eneo la pamoja likigawanywa kwa eneo lote la viwili), kizingiti 0.5 au 0.6. Kwa kipimo hicho wawili hao wana 0.42 tu, wote wanabaki. Ila ukifanya hivyo vipande vya ng'ombe waliokatwa na mpaka navyo vitabaki, kwa hiyo tupa kisanduku chochote kinachogusa ukingo wa kipande ambao si ukingo wa fremu. Jirani yake anayelaliana atakuwa na mnyama mzima.

Suluhisho la kudumu ni visanduku vinavyozunguka na mnyama. YOLO ina modeli za namna hiyo zilizofundishwa kwa seti ya DOTA ya picha za angani. Kuweka lebo kunachukua muda mrefu zaidi, na kwa anayehesabu kwenye birika muda huo unalipa.

Jioni kundi linaongezeka

Vivuli. Ng'ombe wa kimo cha mita 1.3, jua likiwa nyuzi 20 juu ya upeo, ana kivuli cha mita 3.6, cheusi kuliko yeye mwenyewe na chenye umbo la ng'ombe aliyesimama kwa ubavu, ambalo ndilo modeli ya COCO ililofundishwa. Nimewahi kuona ng'ombe mweupe ameachwa na kivuli chake kimepewa kisanduku chenye uhakika wa juu. Ruka kati ya saa tatu na saa nne asubuhi. Saa sita vivuli vimekwisha, lakini ng'ombe nao wamejibanza chini ya miti.

Vichuguu na mawe ni shida ya aina hiyohiyo. Kusanya fremu tupu, zenye vichuguu na visiki lakini zisizo na mnyama, ziingize kwenye mafunzo bila lebo. Asilimia chache tu za seti yako zinatosha kupunguza uongo huo.

Wanyama wana ukungu, uhakika umeshuka wote kwa pamoja

Uliza nani alirusha. Mpiga video za harusi hupenda shata ya 1/60 na kichujio cheusi mbele ya lenzi, ili mwendo uonekane laini. Kwa mita 10 kwa sekunde, shata ikiwa wazi 1/60 ya sekunde droni inasogea sentimita 17, pikseli 4 kati ya 15 za upana wa ng'ombe. Kwa 1/500 inasogea sentimita 2, nusu ya pikseli. Ondoa kichujio, funga shata kwenye 1/500 au kasi zaidi, punguza mwendo. Video itaonekana kukatakata kidogo ukiitazama, na modeli itafurahi nayo.

Bondeni wanatoweka, mlimani wanarudi

Urefu unaoandikwa kwenye faili la SRT (maandishi yanayoambatana na video) la droni za DJI kama rel_alt ni urefu kutoka mahali ulipopaa, si kutoka kwenye ardhi iliyo chini yake wakati huo. Ukipaa juu ya kilima kilicho mita 40 juu ya bonde, droni inayosema 100 iko mita 140 juu ya ng'ombe wa bondeni. Pikseli inakuwa sentimita 5.5, ng'ombe anashuka kutoka 51 hadi 37. Kama umeweka kichujio cha ukubwa kwa mita, kinamtupa kama mbuzi. Chukua kimo cha ardhi kutoka ramani za SRTM, ambazo ni za bure, toa kwenye kimo cha droni juu ya usawa wa bahari, ukokotoe upya kwa kila fremu. Ng'ombe mzima mmoja uliyempima kwa mkono ni ushahidi wa haraka kwamba hesabu hiyo imekaa sawa.

Kwenye mafunzo alama ya usahihi ni 0.95, uwanjani hovyo

Ulikata video kuwa fremu, ukazichanganya, ukachukua asilimia 80 kufundishia na 20 kupimia. Fremu mbili zinazofuatana zimepishana 1/30 ya sekunde. Ng'ombe yuleyule, kivuli kilekile, jiwe lilelile, moja iko upande wa kufundishia na nyingine upande wa kupimia. Modeli imekariri. Kosa hili linauma kuliko mengine kwa sababu hukupa furaha kwanza, na unaligundua umeshafika kwenye boma la watu na ahadi mkononi.

Gawa kwa safari ya droni, au bora zaidi kwa mahali na siku. Fremu zote za safari moja zikae upande mmoja. Punguza pia idadi: fremu moja kila sekunde 2 au 3 ina mafunzo mengi kuliko 30 zinazofanana, na mkono unaoweka lebo utapumzika. Mimi huacha boma zima ambalo fremu yake hata moja haiingii kwenye mafunzo, lenye udongo wa rangi tofauti na mengine, na hesabu ya mwenyewe imeandikwa kwenye daftari siku ileile ya kuruka. Mara ya kwanza nilipogawa hivyo, 0.95 ilishuka hadi 0.71. Kuanzia hapo ndipo kubadili mpangilio mmoja mmoja na kupima kulipoanza kuonyesha tofauti ya kweli.